Masikio ya Wifi Yangu

Mke wa mdogo wangu mtaa mzima ulimjua kama mwanamke wa kukaa. Ukiuliza mke wa Fundi yuko wapi, unaambiwa yuko gereji, amekaa. Asubuhi amekaa, mchana amekaa, mpaka geti linafungwa amekaa. Kiti chake kilikuwa kiti cha mbele cha gari lililokufa, wamekichomoa wakakiweka kando ya mlango, springi moja imetoboa nje, naye kaifunika na kipande cha blanketi isimchome. Mkononi sindano ya kufumia na uzi. Anafuma vitambaa vya meza. Meza za kutandika vitambaa vyote vile sijui zilikuwa wapi, maana kwao ilikuwepo moja tu, tena mguu umefungwa waya.

Mimi nilisema. Mimi si mtu wa kukaa na neno mdomoni mpaka lioze. Nilimwambia mdogo wangu, "Huyu mkeo ni mlinzi au ni pambo? Wenzake wanahangaika, yeye kazi yake kuvuta moshi wa magari ya watu."

Akaniambia, "Dada, mwache akae. Anapenda kuona watu."

"Watu gani? Mimi hapa naona matairi."

Akacheka, akarudi chini ya gari. Na mimi nikaendelea kusema, maana hakuna aliyeniambia vingine. Nilimsema sokoni, nilimsema kwenye arusi za watu, nilimsema mbele yake mwenyewe. Yeye ananitazama, anavuta uzi, anasema, "Ndiyo, wifi." Mtu akikujibu ndiyo kila mara, unakosa hata pa kumshika.

Gereji yenyewe watu waliiita Kwa Sikio. Sikio ni mdogo wangu. Alipewa jina hilo bado kijana, kwa sababu alikuwa akiletewa gari bovu hafungui kitu kwanza. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho kama mtu anayesali. Halafu anakwambia ugonjwa. Na akifungua, anaukuta pale pale. Hilo ni kweli, simnyimi haki yake. Kunyima mtu haki yake ni kazi anayoijua yeye.

Wifi yangu alitoka kilimani, kule ambako barabara inajikunja mpaka unahisi umerudi ulikotoka. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga. Injini ya dizeli upande huu, jiwe la kusagia upande ule, katikati mkanda mrefu wa turubai unaozunguka kutwa nzima. Yeye alikulia chini ya mkanda ule. Mama yake akiwa anapima unga wa watu, mtoto analazwa kwenye gunia tupu, karibu na mashine, na kelele yote ile analala fofofo. Lakini mkanda ukilegea kidogo, ukateleza, ukabadili sauti, mtoto anaamka analia. Baba yake akasema huyu ni kengele yangu. Akawa hana haja ya kutazama mkanda, anatazama mtoto.

Mimi haya sikuyajua. Nilichojua mimi ni kwamba nyumbani kwake huwezi kunong'ona. Siku moja niko jikoni kwake na jirani, nikamwambia jirani pole pole, tena nimeziba mdomo na kanga, kwamba wifi yangu anapika chakula hakina chumvi kama cha hospitali. Sauti ikatoka uani, nyuma ya ukuta, anaanika nguo: "Wifi, chumvi nimeweka. Ulimi wako ndio umezeeka." Nilikasirika wiki nzima. Lakini alikuwa hivyo. Mtu akija getini anamjua kwa ndala zake kabla hajabisha. Ukiburuta kiti anafumba macho kana kwamba umemkanyaga.

Basi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hakitoi kitu, kinamkunja tu. Akapelekwa hospitali, akarudishwa na dawa, akapelekwa tena, mara ya mwisho daktari akamwambia mdogo wangu maneno ambayo mdogo wangu alikuja kuniambia akiwa anatazama viatu vyake. Mapafu yamekwisha. Hakuna cha kufanya zaidi ya kumkalisha vizuri.

Nikahamia kwao kumuuguza. Msifikiri ni kwa upendo. Nani mwingine angekwenda? Binti yao kaolewa mbali na ana mtoto mchanga. Mdogo wangu hajui kupika hata chai. Tukamlaza chumba cha mbele, kitanda tukakisogeza dirishani apate hewa. Dirisha linatazama barabara, na barabara ile ndiko gari la seremala linakopita.

Seremala yule anatengeneza majeneza. Ni mtu mnene, mlaini, analia kwenye kila msiba kana kwamba majeneza anatengeneza mtu mwingine. Ana gari moja la mizigo, kuukuu, rangi imebabuka, nyuma ametengeneza mabenchi ya mbao pembeni ili wafiwa wakae na sanduku likae katikati. Ndilo gari pekee mtaani linalokubali kupandisha maiti kilimani. Wenye magari mazuri hawataki, wanasema barabara inaua springi.

Mara ya mwisho lilimpandisha mshona nguo wetu. Mimi nilikuwemo. Tangu tunatoka mtaani gari lilikuwa linalia. Linapiga yowe mpaka watu wanatoka madukani kuangalia nguruwe gani anachinjwa, wanakuta ni msiba, wanavua kofia kwa aibu. Na kwenye mlima, kwenye kona kubwa yenye korongo, likachemsha. Mvuke ukatoka chini ya boneti kama jiko la kiwanda. Likasimama. Ikabidi sanduku lishushwe, kwa sababu gari lilikuwa linarudi nyuma na breki yake huiamini. Mshona nguo, mtu aliyevalisha mtaa mzima, akawekwa kando ya barabara kwenye majani, juani, mjane wake amekaa kwenye jiwe anamkinga na mwavuli. Wanaume wanashuka korongoni na dumu kuchota maji. Magari yanapita, watu wanachungulia.

Nilimsimulia wifi yangu hayo. Nilidhani namchangamsha, maana mjane yule tulikuwa hatumpendi wote wawili. Lakini hakucheka. Nikiwa namenya kiazi cha mwisho, akasema, "Wifi, mimi nataka kuzikwa kwa mama."

"Najua. Ulishasema."

"Na gari ni hilo hilo."

Nikaacha kisu.

"Sitaki kuwekwa kwenye majani," akasema. "Nimekaa kando ya njia maisha yangu yote, watu wananipita wananitazama. Siku hiyo nataka nipite mimi. Niende moja kwa moja mpaka kwa mama, bila kusimama."

Hilo ndilo aliloomba. Hakuomba sanda ya bei, hakuomba kaburi la marumaru. Aliomba asisimame njiani.

Nikamwambia mdogo wangu. Akasema, dada, ondoa shaka, seremala keshaleta gari gereji, nalishughulikia. Na kweli alilishughulikia. Alifunga mkanda mpya wa feni. Ule wa zamani aliutupa uani kwake, una mng'ao kama kiatu kilichopigwa rangi. Akazibua rejeta kwa presha ya maji, ikatoa matope mekundu. Akatoa kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, akasema sisi na joto letu hakitusaidii kitu, mafundi wote wanakitoa. Akaukaza mkanda mpaka ukiupiga kidole unalia kama uzi wa gitaa. Juu yake akaupaka sabuni ya kipande. Akaja nyumbani mikono inanuka sabuni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia mkewe, "Gari la seremala limepona. Kimya kabisa. Nimelisikiliza mwenyewe."

Mkewe akamtazama muda mrefu. 

Kesho yake asubuhi seremala akapita mbele ya dirisha anapeleka mbao. Mimi nilikuwa namwosha mgonjwa uso. Gari lilikuwa linalia. Siyo kama zamani, sabuni ilikuwa imelipunguza, lakini linalia. Wifi yangu akanishika mkono wenye kitambaa, akauzuia hewani. Gari likapita, likafika kona, likapotea.

"Siyo mkanda," akasema.

"Nini?"

"Mkanda uliolegea unapiga kelele likiwashwa tu, na ukikanyaga mafuta, halafu unatulia. Huu hautulii. Na chini ya ile sauti nyembamba kuna nyingine, inakwaruza, kama mtu anatafuna mchanga. Umeisikia?"

"Mimi nimesikia gari."

"Ile ni beringi ya pampu ya maji. Inakufa. Na yeye ameukaza mkanda, anazidi kuivuta." Akakohoa, nikamwinua, akatulia. "Wifi, muulize seremala linachemsha likiwa wapi. Barabara kuu au nyuma ya watu."

Nikadhani ni homa. Lakini seremala aliporudi nilimsimamisha kwa kanga, nikamuuliza. Akasema, "Ajabu yake ndiyo hiyo, mama. Barabara kuu nakimbia, halichemshi hata kidogo. Nikianza kutembea pole pole nyuma ya wafiwa, au mlimani, ndipo mshale unapanda."

Nikarudi nikamwambia. Wifi yangu akatikisa kichwa. "Likikimbia upepo unalisaidia, linajidanganya. Likienda pole pole linategemea pampu, na pampu haizungushi maji. Mwambie Fundi."

"Wewe mbona usimwambie? Si mumeo?"

Hapo ndipo akaniambia. Aliniambia kidogo kidogo, anapumzika katikati, na mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji yaliyopoa, nikasahau kulitua.

Masikio ya mdogo wangu yalikuwa yamekufa zamani. Siyo kabisa; ukimpigia kelele anasikia, mengine anayasoma midomoni. Alianza kupoteza sauti nyembamba, kwa sababu ya miaka ya kugonga bati, ya kompresa, ya injini zisizo na eksozi. Alianza kwa kutosikia ndege. Halafu birika likipiga mluzi. Halafu siku moja mteja akaja na gari mkanda wake unalia mpaka mbwa wanabweka, na Fundi Sikio akaweka bisibisi yake, akafumba macho, akasema gari zima, sisikii kitu. Mteja akamtazama. Wifi yangu alikuwa amekuja kumletea chakula. Akamwona mumewe anavyoyatazama macho ya yule mteja bila kujua amekosea wapi. Akajishika shingo, akaizungushia kidole kama mkanda. Hivyo tu, kama mtu anayejikuna. Mumewe akaona. Akasema, "Ngoja kwanza. Ni mkanda."

Kuanzia siku ile akawa anakaa. Wakajiwekea ishara zao. Akishika shingo, mkanda. Akishika kifundo cha mkono, beringi. Goti, magurudumu. Akilaza mikono yote miwili pajani juu ya kile kitambaa anachofuma, gari zima, halina neno. Mdogo wangu anaweka bisibisi, anafumba macho, halafu anafumbua jicho moja kumtazama mkewe. Mtaa mzima unasema, yule ana sikio.

Na sisi tulikuwa tunamwona yule mwanamke anajishikashika, tukasema ana upele.

"Miaka yote hiyo," nikamwambia. "Kwenye moshi ule. Unakohoa umekaa pale pale."

"Nilipenda, wifi. Usinitolee macho. Pale nilikuwa mtu. Nyumbani ningefagia nini, vumbi lile lile?"

"Ungesema basi! Mimi nimekuita mvivu mpaka kwa wasiokujua."

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Mpaka ukiwa kwako." Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu alale.

Mimi sikutabasamu. Siombi radhi kwa jambo nililofichwa, na yeye hakuniomba niombe. Lakini mdogo wangu ana mdomo. Alinisikia, au aliniona midomo inavyokwenda, nikimwita mkewe mzigo, na yeye anacheka anarudi chini ya gari. Neno moja lingenitosha. Dada, usiseme hivyo, huyu ndiye anayetulisha. Hakulisema. Alichagua jina lake likae juu ya geti, na la mkewe tulichezee sisi.

Nikatua beseni, nikavaa viatu, nikaenda gereji.

Seremala alikuwepo, gari lake liko juu ya shimo la mafundi, boneti limefunguliwa. Nikamwambia mdogo wangu usoni kabisa, midomo aione, "Mkeo anasema ni beringi ya pampu ya maji."

Akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akamtazama seremala, akacheka. "Mgonjwa yule, dada. Anaota. Pampu ikianza kufa mimi naisikia kabla ya mwenye gari. Si ndiyo, seremala?"

"Ndiyo, fundi," akasema seremala. Akaniangalia. "Ila, fundi, bado linalia."

"Halilii. Washa."

Seremala akawasha. Likalia mpaka meno yakaniuma. Mdogo wangu akachukua bisibisi yake, akaiweka kwenye injini, mpini kwenye mfupa, akafumba macho. Halafu akafumbua jicho moja, akatazama kile kiti cha mlangoni. Mazoea. Kiti kilikuwa kitupu, na ile springi imetokeza.

"Zima," akasema. "Halina kitu."

Gari likazimwa. Akageuka kuokota kitambaa, mgongo kwangu. Nikasimama nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuomba chumvi, "Mdogo wangu, suruali imepasuka, makalio yote nje."

Seremala akaangalia, akaangua kicheko, maana ilikuwa kweli imepasuka. Mdogo wangu anafuta spana.

"Mdogo wangu," nikasema, "baba alikuwa anasema wewe si wake, wewe ni wa muuza kuku."

Seremala akaacha kucheka. Akamtazama mdogo wangu mgongoni, akanitazama mimi. Mkono wake ukapanda wenyewe ukaziba mdomo. Mdogo wangu akamaliza kufuta spana ile, akaitundika, akachukua nyingine.

Alipogeuka akatukuta tumesimama tunamtazama. Akajua. Hakuna aliyemwambia neno. Uso wake ulianguka wote kwa pamoja, kama turubai lililokatwa kamba.

"Tangu lini?" seremala akauliza, pole pole, halafu akakumbuka, akarudia kwa nguvu. "Tangu lini, fundi?"

Mdogo wangu akaitundika spana. Akanigeukia mimi. "Amekwambia?"

"Ameniambia. Na ameniambia lingine. Anataka kufika kwa mama yake bila kusimama njiani. Sasa wewe endelea kusikiliza."

 Mdogo wangu akaisukuma kando ile bisibisi ndefu, akalegeza mkanda aliokuwa ameufunga kwa mbwembwe, akautoa. Akaingiza mkono mtupu ndani, akashika puli ya pampu, akaitikisa. Nilikuwa karibu, niliiona. Ilicheza. Ilicheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Akaizungusha kwa kidole, nikaona kwenye uso wake anavyousikia ule mchanga kwa mkono. Chini ya pampu kulikuwa na kitundu, na kutoka kwenye kile kitundu mstari wa kutu umeshuka kwenye chuma, kama machozi yaliyokauka.

Kila fundi angeanza na mkono. Yeye hakuanza na mkono kwa sababu Sikio haanzi na mkono.

Hakula siku ile. Alitafuta pampu kwenye magari yaliyokufa, hakupata nzima, akatafuta mjini, akapata. Akaifunga. Kile kidude alichokitoa akakirudisha. Ikafika siku ya kulijaribu, jioni jua bado lipo, akalileta mwenyewe mpaka chini ya dirisha, akapandisha boneti, akaliwasha. Akamwachia seremala usukani, akaja dirishani. Hakuangalia injini hata mara moja. Alikuwa anamwangalia mkewe usoni.

Nilikuwa nimemwinua wifi yangu na mito. Amebaki mifupa, lakini macho yake yalikuwa makali. Akasikiliza.

"Mwambie awashe taa zote," akaniambia. Nikapiga kelele, seremala akawasha taa. "Akanyage mafuta." Akakanyaga. "Aachie." Akaachia.

Mkono wake ukatoka kwenye shuka, ukapanda, ukashika shingo. Mdogo wangu akakodoa macho.

"Umekaza tena," wifi yangu akasema. "Unaguna. Legeza kidogo. Ukiuvuta hivyo na hii utaiua."

Mimi sikulazimika kumfikishia. Alikuwa anaisoma midomo yake. Akaenda, akalegeza, akarudi. Gari bado linanguruma. Wifi yangu akasikiliza tena, kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa amelala. Halafu akatoa mikono yote miwili, akailaza juu ya shuka, moja juu ya nyingine.

Mdogo wangu akashika nondo za dirisha, akalia. Wifi yangu akasema, "Zima basi, mafuta yanaisha." Ndivyo alivyokuwa.

Alikufa siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa namchana nywele. Hakusema neno la kukumbukwa. Alisema nimemvuta.

Siku ya kumzika seremala aliendesha mwenyewe. Mbele tulikaa watatu, seremala kwenye usukani, mimi katikati, mdogo wangu mlangoni. Binti yao nyuma na wanawake, na sanduku. Kutoka nyumbani mpaka mwisho wa mtaa tulikwenda kwa mwendo wa miguu, watu wametangulia mbele ya gari, na huo ndio mwendo uliokuwa unalichemsha. Madukani hakuna aliyetoka kutazama nguruwe. Watu walituona tu tulipofika. Nilimwona muuza samaki anashtuka, maana gari lilimfikia mgongoni hajasikia kitu.

Mdogo wangu hakutazama nyuma kwenye sanduku hata mara moja. Alikuwa ametazama mshale wa joto. Kajikunja juu ya magoti yangu, pua karibu iguse kioo cha ule mshale. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukakaa pale. Lakini mshale unakwambia lililokwisha kutokea. Sauti ndiyo inakwambia linalokuja, na hilo alilijua kuliko mimi.

Tukaanza mlima. Injini ikawa nzito, seremala akarudisha gia. Mdogo wangu akainua kichwa.

"Dada," akasema, "unalia?"

Aliuliza habari za mkanda. Nikatazama mbele.

"Dada. Unalia?"

Mlima una kona nyingi. Kwenye kila kona aliuliza. Alinishika mkono, mkono wake una jasho, ananitazama midomo anasubiri itikisike. Nikaifunga. Miaka mingapi alikuwa na mtu wa kumjibu bila yeye hata kuuliza, na hakumtaja kwa mtu yeyote? Basi na yeye apande mlima mmoja hajui. Aone ukimya ukoje ukiwa hauna mtu ndani.

Tukafika ile kona yenye korongo. Majani yale yale, jiwe lile lile alilokalia mjane. Mdogo wangu aliona mahali tulipo, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Dada, nakuomba. Niambie tu. Unalia au haulii?"

Sikumjibu.

Ni seremala aliyeshindwa. Moyo wa mtu yule ni siagi, jua kidogo tu umeyeyuka. Alikuwa analia tayari, kamasi zinamfika mdomoni na mikono yote iko kwenye usukani. Akanyoosha shingo mbele yangu, akamwelekea mdogo wangu, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Haulii, fundi! Kimya! Kimya kabisa!"

Mdogo wangu akaegemeza kichwa kwenye mlango. Tukaipita kona. Gari likapanda, halikusimama, mpaka juu, mpaka kwa mama yake.

Mimi ningemwacha aulize mpaka mwisho.